Mtandao wa Arua na Koboko usining'inie kwenye uzi mmoja

Mfanyabiashara wa mpakani anajua aina mbili za foleni. Ya kwanza ni foleni ya malori pale Oraba au Vurra siku ambayo mizigo ni mingi. Hiyo inachosha, lakini inasogea. Ya pili ni ile isiyosogea kabisa. Karatasi zimekamilika, ushuru unajulikana, fedha ziko kwenye simu na dereva ameshakaa kwenye usukani, ila mtandao haupo. Karani anasema subiri. Wakala wa pesa za simu naye anasema subiri. Ukimpigia mteja wako wa Yei au Ariwara, simu haiiti.

Foleni hii ya pili haijapewa uzito unaostahili. Barabara ikikatika, waziri huja na kamera. Mtandao ukikatika Arua au Koboko, mwenye kioski hutikisa simu yake, huinyanyua juu, kisha huketi. Hasara anaibeba peke yake. Leo tunasema wazi kwamba mtandao wa West Nile ni sehemu ya mpaka kama lilivyo daraja, na uendeshwe hivyo: uwe na njia ya pili, na watu waambiwe ukweli unapokatika.

Tuanze na kinachotegemea mtandao huo. Tamko la mzigo hupita kwenye mfumo wa forodha wa ASYCUDA. Tangu Januari 2021, wafanyabiashara wanaohusika wanatakiwa kutoa risiti za kielektroniki kupitia mfumo wa EFRIS wa Mamlaka ya Mapato ya Uganda. Malipo mengi ya soko la Arua, iwe ni vitenge, mbao, maharage au samaki wakavu, hupita kwenye simu kwa sababu hakuna mwenye akili timamu anayependa kusafiri na mafungu ya noti. Bei ya leo ya Ariwara huulizwa kwa ujumbe wa simu kabla gari halijapakiwa. Serikali na kampuni zimetuhamisha kutoka kwenye karatasi na noti hadi kwenye mtandao, na jambo hilo lina faida nyingi. Lakini anayekuhamisha nyumba ana wajibu wa kuhakikisha paa la nyumba mpya halivuji.

Sasa tuangalie mtandao wenyewe unavyofika kwetu. Uganda haina bahari. Sehemu kubwa ya intaneti yetu hutoka kwenye mikongo iliyolazwa chini ya Bahari ya Hindi na kutua Mombasa na Dar es Salaam, kama SEACOM iliyoanza kazi mwaka 2009 na EASSy iliyofuata 2010. Kutoka pwani, mikongo ya nchi kavu hupanda hadi Kampala, safari ya zaidi ya kilomita 1,000. Kutoka Kampala zinabaki karibu kilomita 500 kufika Arua, na nyingine kama 55 kufika Koboko. Ujumbe wa mtu aliye Koboko unaweza kusafiri mbali kuliko lori lolote analolijua kabla haujamfikia jirani yake aliye ng'ambo ya mpaka.

Ni haki kukumbuka tulikotoka. Kwa miaka mingi mawasiliano ya Arua yalitegemea madishi ya setilaiti na mawimbi ya redio yanayorushwa kutoka mnara hadi mnara. Februari 2017, Facebook, Airtel Uganda na kampuni ya BCS walitangaza mpango wa kulaza mkongo wa kilomita 770 kaskazini magharibi mwa Uganda, wakilenga maeneo yenye watu zaidi ya milioni 3 na kuacha nafasi ya kuvuka mpaka baadaye. Serikali nayo, kupitia mamlaka yake ya teknolojia ya habari, NITA-U, ilirefusha Mkongo wa Taifa hadi miji kama Nebbi, Arua, Koboko, Yumbe na Adjumani kwa msaada wa fedha za Benki ya Dunia. Mkongo huo leo una urefu wa zaidi ya kilomita 4,000 nchi nzima. Kazi hiyo tunaipongeza bila kusitasita. Lakini kulaza mkongo ni jambo la mara moja, na kuufanya uwake kila siku ni kazi isiyokwisha.

Msomaji anayedhani kwamba mtandao hukatika kwa uzembe tu wa mafundi anakosea. Adui wa kwanza wa mkongo ni katapila. Waya huzikwa kando ya barabara, na barabara zetu zinapanuliwa. Barabara ya Vurra, Arua, Koboko hadi Oraba, kilomita 92, ilipata lami katika muongo uliopita. Sasa zamu ni ya barabara ya Koboko, Yumbe hadi Moyo. Tunaifurahia, lakini kila mtaro unaochimbwa bila ramani ya waya mkononi ni hatari kwa mtandao. Mkandarasi wa maji huchimba, mwenye plot huchimba msingi wa nyumba, kijana aliyelipwa kwa siku hupiga sururu. Dakika moja inatosha.

Adui wa pili ni mwizi. Wapo wanaokata mkongo wakidhani ndani yake kuna shaba ya kuuza. Hakuna. Ndani mna nyuzi za kioo nyembamba kama unywele, ambazo hazina thamani yoyote kwa mnunuzi wa vyuma chakavu. Mwizi huondoka mikono mitupu, na wilaya nzima hubaki gizani. Wengine huvizia betri na dizeli ya minara, na hao hupata cha kuuza.

Adui wa tatu ni umeme. Hadi mwaka 2024 West Nile haikuwa imeunganishwa na gridi ya taifa. Ilitegemea mtambo mdogo wa maji wa Nyagak karibu na Paidha, wenye uwezo wa megawati 3.5, pamoja na jenereta za mafuta. Mnara wa simu uliendeshwa kwa jenereta na betri, na gari la dizeli likikwama kwenye tope, mnara ulizimika. Gridi imepunguza tatizo hilo. Haijaliondoa, kwa sababu radi hupiga, nguzo huanguka, na betri iliyochoka hushikilia mnara kwa muda mfupi tu. Msimu wa kiangazi huleta moto wa nyika unaounguza waya uliotundikwa juu ya nguzo, na msimu wa mvua huleta mmomonyoko unaoufukua ule uliozikwa.

Hapo ndipo kazi ya fundi inapoanza. Chumba cha kuangalia mitambo, ambacho mara nyingi kiko Kampala, huona taa nyekundu. Fundi hurusha mwanga ndani ya uzi na kupima muda unaochukua kurudi. Hesabu humwambia pengo liko kilomita ngapi. Lakini hesabu hiyo hupima urefu wa waya, si wa barabara, na waya huachiwa mizunguko ya akiba ndani ya mashimo njiani. Kwa hiyo hufika karibu na mahali penyewe, kisha hutafuta kwa macho na kwa kuuliza wenyeji. Akipapata, huchimba, huweka kipande kipya na kuunganisha uzi mmoja mmoja kwa cheche ya umeme inayoyeyusha kioo. Waya wenye nyuzi 48 ukiwekewa kipande katikati unahitaji viungo 96. Vumbi au tone la mvua huharibu kiungo, na kazi hurudiwa. Mara nyingi hufanyika usiku, chini ya turubai, kando ya barabara yenye malori. Watu hawa wanastahili heshima yetu.

Basi lawama yetu iko wapi? Hatulalamiki kwamba waya hukatika. Waya utakatika. Hata mikongo ya baharini hukatika: Mei 12, 2024 EASSy na SEACOM zilikatika kwa pamoja kati ya Msumbiji na Afrika Kusini, na intaneti ya Afrika Mashariki ikazorota kwa siku kadhaa. Swali letu ni je, waya ukikatika, mtandao una pengine pa kupita?

Wafanyabiashara wa West Nile wana somo la karibuni kuhusu jambo hili. Septemba 23, 2024 daraja la Karuma, lililojengwa 1963, lilifungwa kwa matengenezo ya miezi mitatu. Malori yakazungushwa njia za mbali, nauli za mizigo zikapanda, na kila mtu akaelewa maana ya kutegemea daraja moja. Mtandao una daraja lake pia. Barabara kuu ya kuingia Arua huvuka Nile pale Pakwach. Sehemu nyingine za kuvukia upande wetu, kama Laropi, Obongi na Panyimur, watu na magari huvuka kwa feri. Ni rahisi kampuni tatu kutuambia kwamba zina njia tatu tofauti, kumbe zote tatu zinapita bega kwa bega kwenye mtaro mmoja na kuvuka mto mahali pamoja. Ajali moja inazikata zote. Wahenga walisema kidole kimoja hakivunji chawa. Vidole vitatu vilivyofungwa kwa kamba moja navyo ni kidole kimoja.

Jambo hilo linamgusa hata mfanyabiashara anayejiona mjanja kwa kuwa na laini mbili. Minara mingi nchini ni mali ya kampuni za kupangisha minara, na kampuni mbili au tatu za simu hutundika mitambo yao kwenye mnara mmoja. Jenereta ya mnara huo ikizimika, laini zako mbili huzimika pamoja. Laini ya pili husaidia pale tu inapotumia mnara mwingine na waya mwingine.

Tunajua jibu la kampuni. Watasema njia ya pili ni gharama mara mbili, na soko la Koboko si soko la Kampala. Hoja hiyo ina uzito, na hatuipuuzi. Lakini ina majibu matatu.

La kwanza, si lazima kila kampuni ichimbe mtaro wake. Kampuni inayotumia njia ya Pakwach na nyingine inayotumia njia ya Adjumani zinaweza kukubaliana kubebana siku ya dharura. Tume ya Mawasiliano ya Uganda, UCC, ina nguvu ya kusukuma makubaliano hayo, na kuwataka wote waonyeshe kwenye ramani kwamba njia zao hazikutani.

La pili, njia nyingine huenda tayari iko juu ya vichwa vyetu. Nyaya kubwa za umeme za siku hizi huweza kubeba nyuzi za mawasiliano ndani ya waya wa juu kabisa wa kinga ya radi, na kampuni ya taifa ya kusafirisha umeme, UETCL, imekuwa ikikodisha nyuzi za aina hiyo kwa kampuni za mawasiliano. Njia ya umeme ya kilovolti 132 iliyokuja kutoka Kole kupitia Gulu na Nebbi hadi Arua isibebe umeme peke yake. Nguzo zake ndefu haziguswi na katapila la barabara.

La tatu ni fedha. Sheria inataka kampuni za mawasiliano zitoe asilimia 2 ya mapato yao ghafi, na sehemu ya tozo hiyo huenda kwenye mfuko wa UCUSAF uliowekwa kupeleka huduma mahali ambapo biashara pekee haiwezi kuzifikisha. Tangu Julai 2021 mtumiaji naye hulipa ushuru wa asilimia 12 kwenye data anayonunua. Mama muuza dagaa wa Koboko anachangia kila anaponunua bando. Ana haki ya kuuliza fedha hizo zimemjengea nini.

Lawama yetu ya pili ni ukimya. Mtandao ukizimika, mteja hubaki na uvumi. Wengine husema ni mnara, wengine mkongo, wengine siasa. Bila taarifa, mfanyabiashara hawezi kuamua kama asubiri saa moja au alale, kama ashushe samaki au awauze hapo hapo kwa bei ya kutupa. Ujumbe mfupi unatosha: waya umekatika mahali fulani, mafundi wamefika, tunatarajia huduma kurudi saa fulani. Redio za Arua na Koboko zinaweza kuusoma kwa Kiswahili, Kilugbara na Kikakwa hata kama simu zimekufa. Hilo halihitaji mkopo wa Benki ya Dunia. UCC ilifanye sharti la leseni, na itangaze kila robo mwaka mtandao ulizimika mara ngapi katika kila wilaya na kwa saa ngapi.

Ofisi za mpakani nazo zisijifiche nyuma ya neno "sistimu iko chini". Kila kituo kiwe na utaratibu wa dharura unaojulikana na kubandikwa ukutani: baada ya saa kadhaa bila mtandao, mizigo inayooza na ya wafanyabiashara wadogo iandikwe kwenye daftari, ipigwe muhuri na kuruhusiwa, taarifa ziingizwe kwenye kompyuta baadaye. Mwenye nyanya asilipie ada ya kulala kwa kosa ambalo si lake. Utaratibu usipokuwepo, anayefaidika ni mtu wa njia za panya na mla rushwa.

Lazima pia tuseme kuhusu ukataji usiotokana na katapila. Februari 2016, siku ya uchaguzi, mitandao ya kijamii na huduma za pesa za simu zilifungwa kwa amri. Januari 2021 intaneti nzima ilizimwa tangu jioni ya tarehe 13 hadi tarehe 18. Serikali ilitaja usalama. Sisi tunaona kwamba mpaka wenye biashara halali ni sehemu ya usalama huo, na kuzima malipo ya watu wasio na ugomvi na yeyote ni kuwaadhibu bila kesi. Haina maana kujenga njia ya pili kwa fedha nyingi ikiwa zote mbili zinaweza kufungwa kwa barua moja.

Linabaki suala la majirani. Aliyefika Oraba anajua mchezo wa simu pale. Ukisogea kidogo inadaka mnara wa ng'ambo, na saa yake inaweza kurudi nyuma kwa saa nzima, kwa kuwa Sudan Kusini ilibadili majira yake Februari 2021. Pamoja na saa, salio nalo huanza kuyeyuka. Kenya, Rwanda, Uganda na Sudan Kusini zilikubaliana juu ya Eneo Moja la Mtandao lililoanza kutekelezwa 2014, lengo likiwa kushusha gharama za kupiga simu mtu anapovuka mpaka. Lilianza na sauti. Mfanyabiashara wa leo anatumia data na pesa za simu, na punguzo lifuate huko. Kongo ilikubaliwa katika Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022. Soko la Ariwara, basi, liko ndani ya Jumuiya, na bei za mawasiliano ya huko zionyeshe hivyo.

Zaidi ya bei, majirani wanaweza kuokoana. Mwaka 2020 Juba ilipata mkongo wake wa kwanza kutoka Uganda kupitia upande wa Nimule. Siku moja mkongo ukishuka kutoka Juba kupitia Yei na Kaya hadi Oraba, Koboko itakuwa na mlango wa nyuma, na Yei itakuwa na wa mbele. Tunajua usalama wa barabara ya Yei haujaruhusu kazi kama hiyo kirahisi. Hata hivyo mipango hufanywa kabla ya amani kukamilika, ili amani ikifika ikute michoro tayari. Upande wa Vurra na Aru, serikali mbili ziketi na kampuni zao na kuunganisha mitandao hapo hapo mpakani, ujumbe wa kwenda ng'ambo usilazimike kuzunguka nchi za mbali.

Mwisho tunawageukia nyinyi wasomaji wetu. Ukiona mtu anachimba kando ya barabara karibu na kibao cha mkongo, muulize kama ana ruhusa. Ukinunua betri ya bei ya ajabu, jiulize imetoka mnara gani. Usiweke mtaji wote kwenye simu moja. Bakiza noti za kukutosha siku mbili, andika namba za wateja kwenye daftari, na hifadhi kumbukumbu za malipo. Kupitia vyama vyenu, andikeni kila siku mtandao unapozimika: tarehe, saa, kituo na hasara. Malalamiko ya mdomo husahaulika, lakini daftari la miezi sita mbele ya UCC au mbunge ni ushahidi.

Usipoziba ufa utajenga ukuta. Ufa wa mtandao wa West Nile tunauona sote, kutoka Pakwach hadi Salia Musala ambako nchi tatu zinakutana. Kuuziba sasa ni suala la makubaliano ya kampuni chache, sharti moja la leseni, na utaratibu mmoja kwenye ukuta wa forodha. Tukingoja, gharama italipwa kila wiki na mtu yule yule aliyekaa juu ya gunia pale Oraba, simu mkononi, akisubiri vijistari virudi.